Kwa nini maneno tunayoyanakili mtandaoni huchuja tukiyarudia?

#1 Msomaji wa Kibokoni

Assalaam alaykum, wanabaraza.

Nina daftari ambalo kwa miaka mingi nimekuwa nikinakilia sentensi zinazonichekesha au kunizindua ninaposoma huku na kule mtandaoni. Sichagui pa kusoma. Leo nitakuwa kwenye maoni ya wageni wa hoteli, kesho kwenye tanbihi za makala ya historia ya Ureno, keshokutwa kwenye maelekezo ya mashine ya kufulia ambayo sina wala sitarajii kuwa nayo. Nikikutana na sentensi iliyokaa vizuri naiandika kwa kalamu, kwa sababu simu zimenipotezea mengi.

Juzi umeme ulipokatika nililifungua daftari hilo nijiburudishe, na karibu kila nililolisoma lilikuwa limechuja. Mfano ni huu wa mgeni mmoja aliyeandika kuhusu hoteli ya ufukweni: "Bahari ilikuwa karibu, kama tulivyoahidiwa. Hatukuambiwa tu kwamba usiku ingeingia chumbani kututembelea." Siku niliyoinakili nilicheka hadi watu wa nyumbani wakaja kuniangalia. Juzi nilimsomea dada yangu, naye akauliza kwa upole iwapo walirudishiwa pesa zao.

Siulizi sentensi gani iliyo bora, kwa hiyo naomba msinijazie uzi kwa vichekesho. Ninachouliza ni kwa nini sentensi ile ile, kwa wino ule ule, iwe tamu leo na chapwa mwakani. Ni yenyewe iliyopungua au ni mimi?

#2 Kijana wa Likoni

Dadako ameuliza swali la maana na halijajibiwa.

Kwa upande wangu jambo hili ni rahisi: haikuwa tamu tangu mwanzo, utamu ulikuwa kwako. Mimi husoma nikiwa kwenye foleni ya feri, na nimeona kwamba mtu aliyesimama pale saa kumi na moja jioni, amebanwa kati ya mkokoteni wa madafu na mwanafunzi mwenye begi kubwa kuliko mgongo wake, hucheka hata akisoma bei ya saruji. Akili inatafuta pa kupumulia, na sentensi ya kwanza itakayopita ndiyo itakayopewa sifa. Ukiirudia ukiwa umeketi, umeshiba na huna haraka, ndipo unapoiona jinsi ilivyo.

#3 Bibi wa Makadara

Shukran kwa uzi huu, mwanangu Msomaji. Kijana naye amesema, lakini amesema nusu.

Mimi hunakili kutoka kwenye kurasa za mapishi, na si mapishi yenyewe bali maoni yaliyo chini yake, ambako ndiko waliko waandishi wa kweli. Niliwahi kuandika kwenye karatasi: "Nyota moja. Sitaipika tena." Baada ya muda nikaiokota karatasi ile nisielewe kilichonifanya niiandike, mpaka nilipoutafuta tena ukurasa wenyewe. Mama huyo alikuwa amesema kwamba mchele hakuwa nao, hivyo alitumia tambi. Bizari nzima haimpendezi, hivyo aliiacha. Nyama ilikuwa ghali, hivyo alitia mayai. Na kwamba pilau hiyo, baada ya juhudi zote hizo, haikuwa na ladha ya pilau. Nyota moja. Sitaipika tena.

Tazameni basi: nilichonakili ni mkia, na mnyama mzima nilimwacha kule. Ya kuchekesha mara nyingi ni majibu, na jibu lisilo na swali lake haliwi kitu. Hata sentensi yako ya bahari, mwanangu, pengine ilifuata sifa ndefu za mandhari ambazo wewe hukuziandika.

#4 Mhandisi wa Nyaya

Hamjambo nyote.

Naomba nilitazame jambo hili kwa upande wa wingi. Wale tuliokuwa tukienda saiba, yaani maduka ya intaneti, kabla ya nyaya za intaneti za baharini kutua hapa Mombasa mwaka 2009, SEACOM na TEAMS, tunakumbuka kulipa kwa dakika huku ukurasa ukifunguka mstari kwa mstari. Mtu aliyenakili sentensi wakati ule alikuwa ameinunua. Aliichagua kati ya chache, na alipoondoka alikuwa akiirudia kichwani njia nzima. Siku hizi msomaji hupitia mamia ya sentensi kabla ya kunywa chai, na zile anazonakili anazinakili kwa kidole huku jicho limeshaenda mbele. Hakuna aliyezizoea, basi hakuna anayezikumbuka akizikuta.

Hata hivyo nina moja ambayo haijachuja hata kidogo. Imo katika waraka nambari 1925 wa mfululizo wa RFC, yaani nyaraka ambamo wahandisi wa intaneti huandika kanuni zao. Huu ulitolewa tarehe 1 Aprili 1996, siku ya wajinga, ukiorodhesha kweli 12 za mitandao. Ukweli wa tatu unasema kwamba nguruwe akipewa msukumo wa kutosha huruka vizuri tu, lakini si lazima hilo liwe wazo jema. Kila mkubwa wa kazi anapotaka mtambo dhaifu ubebe mzigo usio wake, mmoja wetu humwangalia mwenzake na kusema neno moja tu: msukumo. Sentensi hiyo inafanya kazi kila wiki, na nadhani hicho ndicho kinachoiweka hai.

#5 Kijana wa Likoni

Mhandisi, nguruwe wako akiruka, tafadhali asipite juu ya Mji wa Kale siku ya Ijumaa.

#6 Abu Hikaya

Wa alaykumu salaam, Msomaji.

Swali lako lina umri mkubwa. Al-Jahiz wa Basra, aliyefariki takriban mwaka 868, alikuwa mkusanyaji mkubwa wa maneno ya watu, ya busara na ya upuuzi kwa pamoja, na aliyachanganya kwa makusudi ili msomaji aliyechoshwa na uzito apate wepesi. Yeye alitoa onyo linalolihusu daftari lako moja kwa moja. Alisema kwamba ukikisimulia kichekesho cha Mabedui, kisimulie kwa Kiarabu chao fasaha chenye irabu zote za mwisho. Lakini ukikisimulia kichekesho cha watu wa kawaida, jihadhari usikitie ufasaha huo wala usikichagulie maneno mazuri, kwa sababu utaiharibu ladha yake na kukiondoa katika umbo lake. Ibn Qutayba, aliyekuja baada yake, alilirudia jambo hilo hilo: alimwomba msomaji asidhani kwamba makosa ya lugha katika visa vyake yamempita bila kuonekana, kwani ameyaacha pale yalipo kwa kuwa kuyasahihisha kungeua utamu.

Sasa niwape mfano wa hapa hapa. Kuna mama muuza viazi karai ambaye mteja mmoja alisimama mbele ya karai lake kwa muda mrefu, akivitazama viazi bila kununua. Mama akamwambia: "Mato yashakula, sasa lipa." Mpwa wangu alikuwapo, akayaandika maneno hayo kwenye simu kwa lugha aliyofundishwa shuleni: "Macho tayari yamekwisha kula, kwa hiyo sasa unatakiwa kulipa." Hakuna neno lililoongopewa, na hakuna kilichobaki. Karai, mvuke, sauti ya yule mama na haraka yake vyote vilikuwa ndani ya maneno manne, na mpwa wangu akavitoa kimoja kimoja kama anayechambua mbaazi.

Nashuku kwamba wengi wetu tunaposoma maneno ya watu mtandaoni na kuyanakili, tunayaosha bila kujua. Tunarekebisha herufi kubwa, tunaondoa neno lililorudiwa, tunaweka nukta mahali mwandishi alipokimbia bila kupumua. Kisha tunashangaa yanapokosa uhai.

#7 Msomaji wa Kibokoni

Ustadh Abu Hikaya, nimefurahi kwa faida hiyo, lakini haimalizi hesabu. Katika daftari langu zimo sentensi za Kiingereza nilizozinakili herufi kwa herufi pamoja na makosa yake ya tahajia, tena nyingine nimezipigia mstari chini ya kosa ili nisije nikalisahihisha. Nazo pia zimechuja. Kama uoshaji ndio ugonjwa, hizi zisingeugua.

Kwa Bibi wa Makadara: sentensi ya bahari ilisimama peke yake. Hayo ndiyo yalikuwa maoni yote ya yule mgeni, hakuandika jingine juu wala chini.

#8 Bibi wa Makadara

Basi kilichokuwa juu yake ni maoni ya mgeni mwingine, na wewe ulikuwa umeyasoma. Hakuna anayesoma maoni ya hoteli moja moja.

#9 Wakili Mkaidi

Nimesoma yote na naona mmeruka jambo la msingi, nalo ni jina la msemaji. Sentensi nyingi tunazozisambaza hatuzipendi kwa utamu wake, tunazipenda kwa sababu ya aliyebandikwa nazo, na siku jina likibanduka utamu nao huondoka.

Ule msemo kwamba sikubaliani na unachosema ila nitaitetea hadi kufa haki yako ya kukisema, dunia nzima humpa Voltaire, mwandishi wa Ufaransa. Voltaire alifariki mwaka 1778. Maneno hayo yaliandikwa na Evelyn Beatrice Hall katika kitabu cha mwaka 1906, akijaribu kueleza mtazamo wa Voltaire. Ile kejeli ya wasio na mkate kuambiwa wale mkate mtamu wa siagi na mayai, ambayo hupewa malkia Marie Antoinette, Jean-Jacques Rousseau aliiandika katika miaka ya 1760 akimtaja binti wa mfalme bila kumpa jina, wakati Marie Antoinette alikuwa mtoto mdogo kule Vienna na hajaikanyaga Ufaransa. Na sisi huku tumezoea kuona "methali ya Kiafrika" isemayo kwamba mzee akifa ni maktaba imeungua. Hiyo ina mwenyewe, naye ni Amadou Hampâté Bâ wa Mali, aliyeitamka UNESCO mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mwandishi mwenye jina na uraia amefanywa bara zima.

Kwa hiyo, Msomaji, nina swali la kiushahidi: katika daftari lako umeandika nani alisema, wapi na lini?

#10 Kijana wa Likoni

Mheshimiwa Wakili, kwa bei hiyo ya ushahidi hakuna atakayethubutu kucheka. Mimi nampenda Mark Twain aliyeandika kwamba habari za kifo chake zimetiwa chumvi mno. Hapo jina ni sahihi na utamu upo. Nimeshinda kesi.

#11 Mwalimu wa Tudor

Jina ni sahihi, Kijana, ila chumvi ni ya watu. Mwaka 1897 Twain alikuwa London, binamu yake mmoja akawa mgonjwa huko, na uvumi ukachanganya watu hao wawili. Alipoulizwa na mwandishi wa gazeti la New York Journal aliandika kwa ufupi kwamba taarifa ya kifo chake ilikuwa chumvi tu. Hilo neno "mno" liliongezwa baadaye na vinywa vya watu, na ndilo linalosambaa hadi leo.

Jambo hili linanitatiza kuhusu kauli ya Abu Hikaya. Yeye anasema ukiyagusa maneno unayaua. Hapa maneno yaliguswa na watu wasiojulikana yakapata nguvu zaidi, kiasi kwamba toleo halisi sasa linaonekana limepungukiwa. Nisemeje basi? Pengine kuna kugusa kunakoosha na kugusa kunakonoa.

#12 Abu Hikaya

Mwalimu, maneno ya Twain yalipita midomoni mwa watu wengi waliotaka kuwachekesha wengine, na kila mmoja aliyahukumu kwa sikio la aliyekuwa mbele yake. Mpwa wangu alikuwa peke yake na simu. Sioni kwamba mambo hayo mawili ni mamoja.

#13 Fundi Jalada

Salaam. Mimi nafunga vitabu, na nimefunga madaftari mengi ya aina hii, kwa hiyo nitasema kuhusu chombo chenyewe.

Watu wa zamani wa Ulaya walikuwa na desturi ya kuwa na kitabu cha kunakilia maneno, na John Locke, yule mwanafalsafa wa Kiingereza, alichapisha mwaka 1686 utaratibu wake wa kukitengenezea faharasa. Kila neno kuu aliliweka kwa herufi yake ya kwanza pamoja na irabu ya kwanza inayofuata, hivyo katika kurasa mbili tu alipata visanduku 100 vya kuonyesha kila jambo liko ukurasa gani. Ni utaratibu mzuri sana, na mimi nilimchorea mteja mmoja faharasa hiyo kwenye kurasa za mwanzo za daftari lake.

Ulifeli kwa sababu mbili. Ya kwanza, Bwana Locke aliziacha herufi K, W na Y kwa kuona hazina kazi, kwamba C, U na I zinatosha. Mwenye daftari la Kiswahili akiacha K ataandika wapi kiburi, kejeli na kahawa? Ya pili ni kubwa zaidi: mteja wangu aliandika "uchoyo", "uongo", "ulafi", "uvivu", "usingizi", na "mchoyo", "mwongo", "mlafi", "mvivu", hata kisanduku cha U na cha M vikafurika huku vingine vikibaki vitupu kabisa. Tuligeuza tukawa tunaorodhesha kwa shina, choyo kwenye Cho, ongo kwenye O, lafi kwenye La, na mambo yakakaa sawa.

Kuhusu swali lenyewe: mteja huyo alilalamika kwamba maneno yake yalichuja baada ya kupangwa. Yalipokuwa yametawanyika alikuwa akikutana nayo. Alipoyapanga, sentensi zote kuhusu ulafi zikakaa pamoja, na hakuna anayeweza kucheka mara kumi na tano mfululizo juu ya ulafi.

#14 Mhandisi wa Nyaya

Fundi amegusa jambo ambalo watu wa kompyuta walilishughulikia zamani. Katika Unix, mfumo wa kuendeshea kompyuta, toleo la mwaka 1979, kulikuwa na programu ndogo iitwayo fortune, ambayo kazi yake ilikuwa kutoa sentensi moja kwa bahati nasibu kutoka kwenye hazina ya misemo, na wengi waliiweka ifanye hivyo kila mtu anapoingia kazini. Mtumiaji hakuwa na orodha mbele yake, alipewa moja tu, bila kuiomba, akaenda zake. Nina hakika kwamba baadhi ya sentensi hizo zilikuwa dhaifu sana, lakini zilifika zikiwa hazikutarajiwa.

Msomaji, uliketi ukafungua ukurasa wa kwanza ukaenda hadi wa mwisho, sivyo? Hiyo si haki kwa sentensi yoyote.

#15 Dada Leso

Nimevumilia kuwasoma wanaume wakizungumza kuhusu madaftari na mashine kana kwamba Mombasa hii haijapata kuona maneno yakitunzwa. Nauza leso karibu na Barabara ya Biashara. Kila siku napitia majina ya leso kuliko Msomaji anavyopitia mtandao, na nawaambia kwamba maneno hayachuji kwa sababu mlizozitaja.

"Mdhaniaye ndiye siye" liko kwenye leso tangu sijazaliwa. Kila mtu hapa analijua. Likisomwa tu hivi halimshtui yeyote, na mimi nikilikunja na kulipanga rafuni halinifanyi chochote. Lakini mwezi uliopita alikuja mama mmoja, akapekua rundo zima huku nikimsubiri, akapita maua mazuri na rangi zilizokuwa zimempendeza waziwazi, akachomoa hilo la rangi ya kahawia ambayo hakuipenda, akalisoma jina kwa kidole na kucheka peke yake. Hakuniambia anamnunulia nani. Alikuwa ameshamwona usoni huyo atakayevaliwa leso hiyo mbele yake. Pale jina lilikuwa jipya kabisa.

Ninachosema ni kwamba maneno hutaka mtu wa kuelekezewa. Daftari la Msomaji halimlengi yeyote. Dada yake alisomewa habari ya hoteli asiyoijua na bahari isiyomlowesha, basi ni lazima aulize pesa.

#16 Wakili Mkaidi

Dada Leso, maelezo yako ni mazuri, lakini yanauimarisha upande wangu, kwani leso ni ushahidi wa maneno yasiyo na mwenyewe. Nani alitunga "Mdhaniaye ndiye siye"? Nani alitunga "Hasidi hana sababu"?

#17 Dada Leso

Wakili, hebu chukua leso uitazame pindoni kabla ya kunihoji. Leso za Kaderdina Hajee Essak, duka lililoanza hapa Mombasa mwaka 1887, zina alama yao iliyochapwa pamoja na nambari, "Mali ya Abdulla", na kila mwanamke wa pwani huitafuta alama hiyo kabla ya kulipa. Kwa hiyo mwenye kitambaa anajulikana, na mchoro una nambari yake. Aliyetunga maneno hatajwi, na sijawahi kupata mteja aliyemuulizia. Anayehesabiwa ni aliyelivaa na aliyevaliwa.

Wewe unapoteza jina la mtunzi unaona maneno yamekufa. Kwetu maneno yenye jina la mtunzi yangekuwa na kasoro, kwa sababu yangekuwa ya mtu mwingine na mimi nisingeweza kuyasema kama yangu.

#18 Mwalimu wa Tudor

Hapa ningependa kumleta mshairi Muyaka bin Haji, ambaye ni wa mji huu na aliishi takriban kati ya mwaka 1776 na 1840. Beti zake zilikuwa za kulengwa hasa, kama anavyosema Dada Leso: zilitungwa dhidi ya watu na miji, katika ugomvi wa Mombasa na Lamu na baadaye wa Wamazrui, waliotawala Mombasa, na Sayyid Said, sultani wa Omani na Zanzibar. Walengwa wote wamekufa. Kwa nadharia ya Dada Leso beti hizo zingekuwa zimechuja zote, na nyingine ni kweli hazieleweki. Lakini zilizotufikia zilitufikia kwa sababu Mwalimu Sikujua bin Abdallah alizikusanya kutoka kwa waliozikumbuka, akampa mmishonari W. E. Taylor pamoja na maelezo ya kisa cha kila utungo alichokijua. Taylor mwenyewe alikuwa amechapisha kitabu cha methali za Waswahili mwaka 1891, na beti za Muyaka zikaja kuchapishwa na William Hichens mwaka 1940. Bila maelezo ya Sikujua tungekuwa na mafumbo matupu. Kwa hiyo mimi namuunga mkono Bibi wa Makadara: andika kisa pamoja na maneno.

#19 Wakili Mkaidi

Na mtunzi ametajwa kwa jina, ninashukuru.

#20 Mwalimu wa Tudor

Usishukuru mapema. Utungo wake ulio maarufu kuliko yote unaanza "Kimya mshindo mkuu, ndivyo wambavyo wavyele". Muyaka mwenyewe katika mstari wa kwanza anakuambia kwamba maneno hayo si yake, ni ya wazee. Leo watu wakilinukuu hilo huandika chini yake: Muyaka.

#21 Kijana wa Likoni

Kesi imerudishwa mahakama ya chini.

#22 Msomaji wa Kibokoni

Nimefanya majaribio kidogo ili tusiishie kwenye nadharia. Nimefuata ushauri wa Mhandisi na wa Dada Leso kwa pamoja. Nilifungua daftari pasipo kuchagua, nikapata sentensi iliyokuwa imechuja, ya mtu aliyelalamikia mwavuli alioununua: "Hufanya kazi vizuri sana siku zisizo na mvua." Sikuwasomea watu wa nyumbani. Nilisubiri hadi binamu yangu, ambaye anasifika kwa kujitolea kila shughuli na kutoonekana siku ya shughuli, alipokuja na kuahidi kubeba viti vya arusi, nikamwambia sentensi hiyo hiyo bila kubadilisha neno. Mama yangu alilazimika kuingia jikoni.

Basi Dada Leso ana hoja. Lakini kilichonishangaza ni kwamba usiku nilipoirudia sentensi ile daftarini, ilikuwa tamu tena hata peke yake, wala binamu hakuwapo. Hilo halielezwi na mlengwa, labda linaelezwa na kazi, kama alivyosema Mhandisi kuhusu nguruwe wake. Au Bibi atasema kwamba sasa sentensi imepata kisa kipya cha kuandikwa pembeni yake. Sioni njia ya kuzitenganisha sababu hizi tatu.

#23 Bibi wa Makadara

Bibi anasema hivyo hivyo. Na uandike leo, kabla hujasahau ni arusi ya nani.

#24 Mzee Marikiti

Nimewasoma kwa raha, vijana wangu, na sijaona aliyeuliza kama kuchuja ni ubaya. Mimi nasoma magazeti na mtandao kila asubuhi kabla ya kufungua duka, sinakili neno hata moja. Lililo langu litarudi lenyewe ulimini siku ya haja. Lisiporudi halikuwa langu, nililipita njiani tu. Msomaji analitunza daftari la maneno ambayo ulimi wake umeshayakataa, kisha anauliza kwa nini hayana ladha.

#25 Fundi Jalada

Mzee wangu, kwa heshima zote, kwa kauli hiyo Muyaka asingetufikia. Mwalimu wa Tudor ametuambia sasa hivi kwamba kuna mtu aliyeketi akaandika.

#26 Mzee Marikiti

Soma tena, Fundi. Ametuambia kwamba kuna watu waliozikumbuka beti kwa miaka mingi baada ya mtungaji kufa, bila karatasi. Aliyehitaji karatasi ni mgeni.

#27 Mwalimu wa Tudor

Naomba niingilie hapo, Mzee. Sikujua hakumtamkia Taylor tu, alimwandikia kwa herufi za Kiarabu, kama ilivyokuwa desturi ya wasomi wa mji huu muda mrefu kabla ya mmishonari yeyote kutia nanga, na Taylor ndiye aliyezigeuza kwa herufi za Kilatini. Karatasi ilikuwa ya kwetu pia. Nikipata nafasi kesho nitaweka hapa namna Sikujua alivyokuwa akitenga maelezo na beti, kwani Msomaji anaweza kuitumia kwenye ukurasa wa kushoto wa daftari lake.

#28 Dada Leso

Weka, Mwalimu. Na majina ya leso ya kwanza nayo yalikuwa kwa herufi hizo hizo za Kiarabu. Ninayo moja ya nyanya yangu. Nikimpata wa kunisomea vizuri nitaileta uzini.